Soksi Mikononi mwa Baba

Kila alfajiri Baba Yuliana alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na mlango na kuvaa soksi. Kwanza alivaa mbili miguuni, kama watu wote. Kisha alivaa nyingine mbili mikononi, na hizo ndizo zilizoleta maneno.

Soksi za mikononi zilikuwa za Yuliana mwenyewe, zile ndefu nyeupe zenye mistari ya bluu alizovaa akiwa darasa la tatu. Zilipoanza kumbana, Mama hakuzitupa. Mama alikuwa fundi cherehani, akishona hapo hapo barazani kwao Chamazi, na fundi cherehani hatupi kitu. Alizitoboa tundu la dole gumba, akapinda ukingo wake vizuri, akampa mumewe. Kukiwa na mvua, Baba alivisha juu ya soksi zile mifuko ya nailoni iliyobaki baada ya mkate kuliwa, akaikaza kwa mpira. Halafu alipiga kiki, pikipiki ikanguruma, akaenda kumchukua Mama Sesilia, muuza uji, na kumpeleka kwenye kibanda chake Mbagala. Akirudi alimkuta Yuliana ameshavaa sare, akampeleka shule.

Wapo watu wanaosema Dar es Salaam hakuna baridi. Waache waseme, wao saa hizo wamejifunika shuka. Dereva wa bodaboda anayetoka alfajiri mwezi wa saba, upepo wa kusi ukimpiga usoni na umande ukimlowesha magoti, huyo ndiye wa kuulizwa. Ukipita kwenye vijiwe vyao utawaona wamevaa makoti mazito ya mitumba yaliyotoka Ulaya kwenye theluji. Hawafanyi mitindo. Wanasikia baridi.

Tena Baba Yuliana, ambaye jina lake ni Polikarpo, alikuwa na sababu zaidi kuliko wenzake. Zamani alikuwa mchonga vinyago. Siku moja tezo, lile shoka dogo la kuchongea, lilimponyoka kwenye gogo la mpingo likamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kidonda kilipona, lakini vidole havikurudi kama vilivyokuwa. Baridi ikivishika, vilikakamaa na kufa ganzi, akawa hajui kama ameshika kitu au ameshika hewa. Na mkono wa kushoto ndio unaoshika klachi, kile chuma cha kubana ambacho kinaizuia pikipiki isiondoke wakati gia imeshaingia. Aliwahi kununua glovu nene za dukani, akaziacha siku hiyo hiyo, maana ndani yake hakuisikia klachi kabisa. Soksi zilimfaa. Zilikuwa nyepesi na zilimpa joto.

Mambo ya mkono yalijulikana nyumbani tu. Kijiweni Baba hakumwambia mtu. Walimwona na soksi zake wakadhani ni vituko vyake, naye akawaacha wadhani hivyo.

Yuliana alikuwa darasa la sita. Kwa muda mrefu hakuziona soksi zile kuwa ni kitu. Alianza kuziona siku Edgar alipoziona.

Edgar alisoma naye darasa moja. Alikuwa mtoto mcheshi, mwenye mdomo mrefu, wa kusema jambo moja na shule nzima ikacheka. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama getini na wenzake wakati pikipiki ilipofika.

"Oya, oya, mcheki baba yake Yuliana!" alipiga kelele. "Soksi kavaa juu! Sasa chini sijui kavaa glovu?"

Watoto walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Baba naye akacheka. Alinyanyua mikono yote miwili, akaichezesha kama ng'ombe anayetembea.

"Miguu minne, mwanangu!" alimjibu Edgar. "Ndiyo maana mie sianguki!"

Yuliana alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliteremka bila kuaga, akaingia darasani na kukaa kwenye dawati la nyuma. Siku nzima alisikia "miguu minne, miguu minne" kila alipopita. Mchana aliporudi kutoka mapumziko alikuta ubaoni pamechorwa pikipiki, na juu yake mtu aliyevaa viatu mikononi. Alifuta mwenyewe, kwa kiganja, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake, walipokaribia shule, alimgusa Baba begani.

"Baba, nishushe hapo kwa fundi baiskeli. Nitatembea."

"Kwa nini? Getini si hapo tu?"

"Nataka kunyoosha miguu."

Baba alisimamisha pikipiki. Alimtazama binti yake, kisha akaitazama mikono yake. "Haya mama, usome vizuri," alisema, akageuza.

Kuanzia hapo Yuliana alishukia kwa fundi baiskeli. Lakini mdomo wa Edgar haukujua kwa fundi baiskeli. Uliendelea tu. Mpaka watoto wa darasa la pili wakawa wanamwita Binti Soksi, watoto wadogo ambao hata pua hawajajua kufuta! Yuliana aliacha kwenda kucheza rede. Usiku alilala akiwaza kitu kimoja: soksi zile zikipotea, yote haya yataisha.

Jumapili jioni zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa na kukauka. Mama alikuwa jikoni, Baba alikuwa anasafisha pikipiki upande wa mbele. Yuliana alizitoa kwenye vibanio, akazikunja haraka na kuzisukuma chini kabisa kwenye gunia la vipande vya nguo la Mama. Baada ya hapo alianua nguo zilizobaki, akazipeleka ndani kama mtoto mwema.

Alfajiri alisikia Baba akipekua.

"Mama Yuliana, soksi zangu za mikono ziko wapi?"

"Si nilizianika jana? Yuli! Uliziona soksi za baba yako?"

Yuliana alijifunika shuka mpaka kichwani. "Hapana Mama. Labda upepo."

"Upepo gani huo wa kuchagua soksi tu?" alinung'unika Mama. Alitafuta tochi, akatoka nje, akazunguka nyumba na kurudi. "Hazipo. Ngoja nikutafutie kitambaa uzungushe."

"Nitachelewa. Mama Sesilia ananisubiri na uji wake wa moto. Siku moja tu, sitakufa."

Nje manyunyu yalikuwa yakianguka. Pikipiki ilinguruma, ikaenda, mlio ukapotea. Yuliana alilala macho wazi. Alijiambia kwamba siku moja tu si kitu, Baba mwenyewe kasema.

Asubuhi Baba hakurudi kumchukua. Yuliana alimsubiri mlangoni akiwa na begi mgongoni mpaka Mama akamwambia atembee. Alipofika shule alikuta wenzake wamekusanyika, na Edgar katikati. Safari hii Edgar hakuwa anacheka sana.

"Yuliana, baba yako kaanguka," alisema. "Pale njia panda ya barabara kubwa. Kamtumbukiza Mama Sesilia mtaroni, uji wote umemwagika. Lori lilikuwa linapita, kidogo tu liwasage."

"Baba yangu yuko wapi?"

"Yeye mzima. Mama Sesilia ndiye kavunjika mkono." Edgar alisita, halafu mdomo wake ukamshinda. "Wanasema alikuwa tungi."

Yuliana alimsukuma kifuani. "Baba yangu hanywi!"

"Mie nimesikia tu! Braza Farhan wa kijiweni ndiye kasema. Pikipiki ilikuwa imesimama, eti ikaruka yenyewe. Pikipiki ya mtu mzima hairukagi yenyewe."

Yuliana alikaa darasani lakini hakusikia somo hata moja. Alijua kwa nini pikipiki imeruka. Alikuwa akimwona Baba amesimama njia panda akilisubiri lori lipite, gia imeingia, amebana klachi kwa vidole vilivyolowa na kukakamaa. Alikuwa akiviona vidole vile vinaachia bila mwenyewe kujua.

Nyumbani alimkuta Baba amekaa kwenye kigoda chake, goti limefungwa bandeji, mikono ameibana katikati ya mapaja. Hakumtania kama kawaida. Alimuuliza tu, "Umekula?"

"Shikamoo Baba."

"Marahaba."

Yuliana aliingia ndani akakaa nyuma ya pazia. Barazani Mama alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, lakini kwa hasira.

"Kesho jioni kuna kikao kijiweni. Mwenyekiti wenu Nikodemu amepita hapa mwenyewe kuniambia. Wakiamini ulikuwa umelewa wanakuvua kizibao cha bodaboda, na kijiwe huna tena. Waambie kuhusu mkono, Polikarpo! Waambie!"

"Niwaambie nini? Kwamba mkono wangu unakufa ganzi? Nani atapanda tena pikipiki yangu? Mama Sesilia mwenyewe atasema nilimbeba miaka yote nikijua mkono mbovu."

"Kwa hiyo bora wakuite mlevi?"

Baba alisema kwa sauti ambayo Yuliana hakuwahi kuisikia kwake, "Mlevi anaweza kuacha pombe wakamrudisha. Mkono huu siwezi kuuacha. Kosa ni langu. Ningevitunza vile visoksi."

Yuliana aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwa ameona aibu siku nyingi, aibu ya kuchekwa, akadhani hakuna inayozidi hiyo. Kumbe ilikuwapo. Hii ya sasa ilimkataza ugali, na kila Baba alipokohoa huko nje ilimrudia upya. Alitamani atoke aseme. Alinyanyuka mara mbili akakaa tena. Akisema, Baba atajua kwamba binti yake alimfichia soksi kwa sababu alimwonea aibu. Asiposema, Baba atavuliwa kizibao. Akalala bila kusema, na hakulala vizuri.

Kesho yake alipotoka shule alikwenda moja kwa moja kwenye gunia la vipande vya nguo. Aliingiza mkono mpaka chini, akazitoa soksi, akazitia kwenye begi. Mama alikuwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga.

"Unatafuta nini humo?"

"Nitakuambia Mama. Naenda kijiweni kwanza."

Kijiwe chenyewe ni kibanda cha bati pembeni mwa muuza mkaa. Madereva walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, zimepangwa duara. Mwenyekiti Nikodemu, mtu mzima wa Makete mwenye koti la ngozi lililochakaa, alisimama katikati. Mama Sesilia alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, mkono wake umefungwa hogo jeupe la plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kanga. Baba alisimama peke yake. Kizibao chake cha kijani alikuwa amekivua tayari, amekikunja kwapani, kama mtu anayejua hukumu yake.

"Mie nilimwona kwa macho yangu," Farhan alikuwa akisema. Huyu alikuwa kijana mwembamba, dereva mpya. "Kasimama vizuri tu. Lori linakuja. Mara pikipiki hiyo, vuup! Kama si kuikatia mtaroni, tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo. Mtu ambaye hajalewa anafanyaje hivyo?"

"Mie sikunusa pombe," alisema Mama Sesilia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Lakini nataka kujua. Mkono wangu huu wa kukorogea umevunjika, wateja wangu wananywa uji kwa mwingine. Nimemuuliza Polikarpo jana, nimemuuliza leo. Ananiambia samahani. Samahani nimeisikia. Nataka sababu."

Nikodemu alimgeukia Baba. "Ndugu yangu, sema. Ukikaa kimya hatuna namna."

Baba alitazama chini. "Sina la kusema, Mwenyekiti."

"Shikamooni!" alisema Yuliana.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Watu wote waligeuka.

"Marahaba. Mtoto, hapa pana kikao," alisema Nikodemu. "Baba yako atakuja nyumbani."

"Baba hakulewa." Yuliana alifungua begi. Zipu iligoma, akaivuta kwa nguvu. Alizitoa soksi nyeupe zenye mistari ya bluu, akazinyoosha mbele yake. "Alikuwa hana hizi. Mimi ndiye niliyezificha."

Mtu mmoja alicheka. "Soksi tena!" Wengine wakamfuata kwa kicheko, na Yuliana akasikia masikio yakiwaka moto. Ilikuwa ni getini tena, isipokuwa hapa waliokuwa wakicheka walikuwa watu wazima. Alitaka kukimbia. Alimtazama Baba, ameshika kizibao kwapani, akabaki pale pale.

"Vidole vyake vikipata baridi vinakufa ganzi," alisema, machozi yakianza kushuka. "Vya mkono wa kushoto. Alikatwa na tezo zamani. Soksi ndizo zinazompa joto. Shuleni walikuwa wananicheka, wananiita Binti Soksi, nikazificha. Alipouliza nikasema upepo. Kaenda mvuani mikono mitupu kwa sababu yangu. Mama Sesilia kavunjika mkono kwa sababu yangu. Msimvue kizibao."

Kicheko kilikatika. Hata Farhan alitazama pembeni. Baba alikuja polepole, akichechemea, akazichukua soksi. Alizigeuza geuza kama anayezitafuta tundu.

"Kumbe ulikuwa unanionea aibu," alisema.

Yuliana angeweza kusema hapana. Alikuwa amechoka kusema hapana. "Ndiyo, Baba."

Baba aliitikia kwa kichwa. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliyomuuma Yuliana zaidi. Kisha Baba alikunja mkono wa shati, akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya wenzake ili kila mtu alione kovu linalokata juu ya vidole.

"Mtoto amesema kweli, lakini hajamaliza," alisema. "Mie nilijua mkono huu una tatizo, nikawaficha. Ningesimama pembeni asubuhi ile nikamwambia Mama Sesilia, leo siwezi. Sikusema. Niliona aibu. Sasa huyu mtoto aibu kajifunzia wapi, kama si kwangu?"

Nikodemu alivua kofia yake, akajikuna, akaivaa tena.

"Polikarpo, umetukosea," alisema hatimaye. "Hapa tunabeba watu, hatubebi viazi. Dereva mwenye jicho bovu aseme, mwenye mkono mbovu aseme. Kizibao hatukuvui. Ila abiria hubebi mpaka mkono huo upate kinga ya maana, na mie mwenyewe nitaipima. Soksi zenyewe hazitoshi. Zikilowa zinazidi kukugandisha. Kwetu Makete asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi, unadhani tunaendeshaje?"

"Sijui, Mwenyekiti."

"Tunashona mifuko miwili mipana, nje kitu kisichopitisha maji, ndani blanketi. Tunaifunga kwenye usukani, kulia na kushoto. Mkono unaingia humo unashika klachi kama kawaida, unaisikia vizuri, na upepo unaupiga mfuko badala ya vidole. Mkeo si fundi? Ungesema siku ya kwanza, ungekuwa nayo tangu mwaka juzi."

Wote sasa walimtazama Mama Sesilia. Yuliana alikwenda mbele yake, akapiga goti.

"Nisamehe, Mama Sesilia."

Mama Sesilia hakumnyanyua haraka. "Kweli yako nimeisikia, na najua imekugharimu," alisema. "Lakini kweli peke yake haikorogi uji. Kuanzia kesho ukitoka shule unakuja kwangu. Unanichambulia ulezi, unaosha vikombe, unanichotea maji, mpaka hogo hili litoke. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Haya, inuka. Magoti yatachubuka."

Jioni hiyo Yuliana alimweleza Mama yote. Mama alimsema, tena alimsema sawasawa, kuanzia soksi mpaka upepo wa kuchagua. Alipomaliza alishusha pumzi, akaenda kutoa koti la mvua lililopasuka mgongoni na kipande cha blanketi la zamani. "Kaa hapa," alisema. "Wewe utashona blanketi kwa mkono, mie nitapiga cherehani nje."

Mifuko ya kwanza ilikuwa mizuri sana machoni, na haikufaa. Mama alikuwa ameibana midomo ya mifuko ili upepo usipite, na Nikodemu alipomwambia Baba atoe mkono ghafla, mkono ulinasa. "Hapana, shemeji," Nikodemu alimwambia Mama. "Mkono lazima utoke mara moja. Pikipiki ikilala na mkono uko ndani, tumeongeza balaa." Yuliana alifumua nyuzi zote, akashona upya, vidole vyake vikichomwa na sindano. Safari ya pili mdomo ulikuwa mpana. Baba alizunguka na Nikodemu alfajiri, upepo ukivuma, akarudi na kutoa mkono wa kushoto. Nikodemu aliushika, akaubonyeza vidole kimoja kimoja.

"Moto kama chapati," alisema. "Kabebe watu."

Habari za mifuko zilienea. Madereva walioiona walitabasamu kwanza, kisha wakaanza kuuliza bei kwa Mama, na Farhan alikuwa wa mwanzo. Wakati huo Yuliana alikuwa kwa Mama Sesilia kila jioni, akichambua ulezi kwenye ungo. Hogo lilikuwa limechafuka sasa, na watoto wa jirani walikuwa wamechora maua juu yake. Mama Sesilia hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku moja alimtazama anavyopanga vikombe, akamwambia akae.

"Yuliana, bado wanakuita lile jina?"

"Wengine."

"Unaona aibu?"

Yuliana alifikiri. "Nikikumbuka vile nilivyoficha, ndiyo. Wakiniita, si sana."

"Basi umeanza kuelewa," alisema Mama Sesilia. "Aibu si kitu kibaya, mwanangu. Ubaya ni kuiona mahali pasipo pake. Ulimwonea aibu baba anayejikinga baridi ili wewe usome, na hukuona aibu kusema uongo kwake yeye. Baba yako naye aliuonea aibu mkono uliokatwa na kazi, akanificha mimi ninayepanda nyuma yake. Nyote wawili mlikuwa mnawaogopa watu wa kucheka, mkanisahau mtu wa kuumia. Siku nyingine moyo ukikuambia ficha, jiulize kwanza ni nani atakayeanguka. Halafu useme, hata kama sauti inatetemeka. Kama ulivyosema pale kijiweni."

"Nimeelewa."

"Haya, vikombe vile viwili huku havijang'aa."

Wiki kadhaa zilipita, na Ijumaa moja Mama Sesilia alipelekwa kutolewa hogo, na aliyempeleka ni Polikarpo. Mama Sesilia mwenyewe alikubali kupanda. Aliangalia tu mifuko kwenye usukani, akaipiga piga, kisha akakaa vizuri nyuma na kusema twende.

Jumatatu kulikuwa na manyunyu tena. Baba alikaa kwenye kigoda, akavaa soksi mbili miguuni. Alizichukua zile nyeupe za mistari ya bluu, akasita.

"Zivae, Baba," alisema Yuliana. "Mpaka mifuko ipate joto."

Walikwenda. Walipokaribia kwa fundi baiskeli, Baba alipunguza mwendo kama alivyozoea na kuanza kukata pembeni.

"Hapana, Baba. Twende mpaka getini."

"Wenzako wapo pale."

"Najua."

Edgar alikuwa amesimama mahali pake, na midomo ilikuwa imeshaanza kumcheza. "Miguu minne hao!" aliita, ingawa si kwa nguvu ya zamani. Wachache walicheka. Yuliana aliteremka. Uso ulimwaka, mtu asikudanganye. Lakini safari hii hakukimbilia darasani. Alisimama mbele ya pikipiki, hapo hapo getini, akanyoosha mkono wake uliolowa na manyunyu ili waagane.

Baba alielewa. Aliutoa mkono wa kushoto kwenye mfuko, ukatoka mara moja kama Nikodemu alivyotaka, akaushika wa binti yake. Vidole vile viwili vya kovu vilimbana kupitia kwenye soksi. Vilikuwa na joto.

"Kwaheri Baba," alisema Yuliana kwa sauti, ili wote wasikie. "Uende salama."

"Haya, mama. Usome vizuri."

Alisimama pale akimpungia mpaka pikipiki ilipokata kona. Ndipo alipochukua begi lake na kuingia darasani, akakaa kwenye dawati la mbele.